Mtoto wa Kaka Yangu

Jumatatu, 10 Machi

Madumu manne ya maziwa leo. Moja limechacha. Basi la Garsen lilichelewa, kondakta anasema tairi. Nimeligandisha, litauzwa mala. Mwezi huu maziwa hayalali, kila nyumba ya mtaa huu wa Ziwa la Ng'ombe inapika uji na chai ya futari.

Habiba alirudi kutoka shule, akavua sare, akaosha madumu kwa maji moto bila kuambiwa. Kisha vitabu. Gredi ya nane. Ana miaka kumi na minne na tayari ananipita kimo.

Kaka yangu Bonaya amepiga simu saa kumi. Nilidhani anauliza habari ya maziwa, maana ni ng'ombe wake. La. "Shule ikifungwa mlete Habiba. Mama yake amemkumbuka."

Miaka saba mtoto wake yuko kwangu na hajawahi kusema hivyo. Mwezi wa nane mzima uliopita mtoto alikuwa huku na hakuna aliyemkumbuka.

Sauti ile naijua. Mimi, kabla ya kuozwa, niliambiwa nyanya anaumwa.

Ijumaa, 14 Machi

Wifi yangu Hawa amepiga kwa simu ya jirani. Alikuwa ananong'ona, nyuma yake ndama wanalia. Wanaume wamekubaliana kumwoza Habiba, yeye alipelekewa habari tu. Nikaha ni Mfunguo Mosi, Ijumaa ya tatu baada ya Idi. Mwanamume ni Godana.

Godana namjua. Ana mke, ana watoto, mkubwa wao amemzidi Habiba. Ukame uliopita, visima vyote vya upande wetu vilipokauka, yeye alimfungulia Bonaya kisima chake. Ng'ombe wa kaka yangu wakapona. Ng'ombe ambao maziwa yao nayauza mimi, na kwa maziwa hayo Habiba anasoma.

Nikamuuliza Hawa, wewe umesema nini. Akasema, "Mimi, wifi yangu, ni mtu wa kuulizwa?"

Nilifuturu kwa maji tu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemwambia mume wangu. Jilo alikuja jana kutoka kwa mke mdogo. Alikuwa anatafuna tende. Akasema, "Mtoto si wako." Akachukua tende nyingine.

Kweli. Wangu hakulia. Nilijifungua nina miaka kumi na mitano, siku mbili za uchungu, akatoka kimya, na baada ya hapo sikushika mimba tena. Nimeandika. Sijawahi kuliandika hili popote.

Darasa la tano ndiko nilikofika. Mwandiko wangu ni wa darasa la tano. Jilo hasomi kabisa, lakini Habiba anasoma hata karatasi za kufungia maandazi. Daftari hili naliweka nyuma ya kabati la vyombo.

Jumanne, 18 Machi

Nimekwenda shuleni. Mwalimu wa Habiba ni Mwanaisha, mtu wa Bofu, ng'ambo, huvuka feri kila asubuhi. Nilipanga maneno njia nzima. Nilipofika nikaamkia, nikauliza habari ya nidhamu ya mtoto. Akasema Habiba ana bidii, ila hesabu za sehemu zinamsumbua na anazungumza sana na jirani yake. Nikasema ahsante mwalimu.

Nikarudi. Sikusema. Ningesemaje? Kaka yangu anaozesha mtoto? Baba yetu alifariki, Bonaya ndiye aliyenilea. Ndiye aliyenibeba mgongoni tulipovuka maji ya mafuriko. Ndiye aliyeniozesha pia.

Mwoga mimi.

Jumamosi, 22 Machi

Habiba anajua. Sijui nani amemwambia, nadhani binamu zake kwa simu. Hakulia. Alisugua sufuria mpaka nikamwambia basi, utaitoboa.

Baadaye akaniuliza: "Shangazi, wewe siku yako ulilia?"

Nikasema sikumbuki.

Nakumbuka. Nilishika mlango wa nyumba ya nyanya, ule wa mikeka, nikaung'oa wote. Wanawake wakacheka, wakasema vizuri, bibi harusi anatakiwa kulia.

Jumatano, 26 Machi

Nimempigia Bonaya. Niliswali kwanza. Nikasema kaka, shikamoo, nakuomba kitu kimoja. Mwache amalize gredi ya tisa. Mwaka mmoja na nusu. Godana si mtu wa haraka, mweleze.

Nikasikia upepo.

"Nani alinipa maji?" akaniuliza.

Nikasema Godana.

"Wewe ulinipa?"

Akasema wasichana wa siku hizi wakikaa sana mjini wanaharibika, na mimi nimeanza kuzungumza kama watu wa mjini. Akakata.

Ijumaa, 28 Machi

Basi limekuja. Madumu hayapo. Nilimwuliza kondakta mara mbili. Akafungua buti nione mwenyewe. Mikeka, ndizi za watu, begi.

Jumapili, 30 Machi

Siku ya tatu bila maziwa. Mama wa kibanda cha chai kule barabarani amechukua kwa mtu mwingine, simlaumu. Wateja wangu wananiita Mama Maziwa. Leo mmoja aliniita hivyo, kisha akacheka kwa haya.

Jilo amepata habari. Anasema nampigania mtoto wa watu huku nyumba yangu inazimika moto. Naye biashara yake iko huko huko, ng'ombe anaowaleta sokoni anawatoa kwa Bonaya na kwa Godana. Kila mtu ninayemjua anakunywa kwenye kisima kile.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Pilau, na mbuzi aliyeletwa na Jilo. Na Godana.

Sikuambiwa. Alileta ng'ombe sokoni, akapitia kutupa mkono wa Idi. Kanzu nyeupe, ndevu amezipaka hina. Aliponiona alisimama. Akauliza afya yangu, akauliza mguu wangu uliovunjika mwaka juzi. Nilitaka awe mtu mbaya. Si mtu mbaya. Ana adabu, ana kikohozi, alimletea Habiba gauni la dira, la kijani, na viatu.

"Atasoma," akasema. "Mimi sipingi elimu. Ataendelea akiwa kwangu."

Wapi? Nilitaka kumwuliza wapi. Shule ya karibu na kwake ni mwendo wa nusu siku, nao wenyewe kila kiangazi wanahama. Sikuuliza. Nilikuwa nimeshika sinia.

Habiba alileta chai. Jilo alimwita, naye akaitika "abee," akaja ameinamisha kichwa. Kikombe kilikuwa kinagonga kisahani. Godana alikitazama kikombe, kisha akatazama ukutani. Aliona. Aliona na akanywa.

Viatu vimemtosha sawasawa. Nani aliwapa kipimo?

Jumanne, 1 Aprili

Ni mimi. Mwezi wa kwanza Bonaya aliniuliza saizi ya mguu wa mtoto. Nikafurahi, nikadhani anataka kumnunulia viatu vya shule.

Ijumaa, 4 Aprili

Shule imefungwa. Habiba amerudi na ripoti. Wa kumi na moja katika darasa la watoto sitini na kitu. Hesabu zimepanda. Aliiweka mezani kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

Jilo ametukatia viti viwili vya basi la Jumanne asubuhi, kwa jina langu. Mimi ndiye wa kumpeleka. Hawakumtuma mwanamume. Wanajua atanifuata mimi bila kuuliza, popote.

Jumapili, 6 Aprili

Nimepanga nguo zake. Nimezitoa. Nimezipanga tena.

Habiba amelala mchana kutwa, uso ukutani. Kwenye saa tisa aliinuka akasema, "Nikienda mimi, mdogo wangu ataachwa?" Ana mdogo mmoja tu wa kike, Zeinabu, ana miaka kumi na mmoja. Nikasema sijui. Akasema, "Basi mimi niende." Kama mtu anayejitolea kwenda kisimani.

Hapo nikachukua leso yangu, nikatoka. Nilimpigia Mwalimu Mwanaisha nikiwa nyuma ya choo cha jirani ili Jilo asisikie. Safari hii nilisema yote bila kupumua. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama, kesho saa mbili. Mtoto aje na sare."

Jumatatu, 7 Aprili

Ofisi ya watoto. Tulikwenda watatu. Jilo alikuwa sokoni, nilimwambia naenda kumnunulia mtoto mafuta ya nywele.

Afisa ni mwanamke, kijana, ana mafua. Alimhoji Habiba peke yake, mlango umefungwa. Mimi na mwalimu tulikaa kwenye benchi. Nilisikia mtoto anaongea, anaongea, anaongea. Kwangu wiki mbili hakusema maneno kumi.

Kisha mimi. Jina la baba wa mtoto. Jina la mwanamume. Mahali. Afisa alikuwa anaandika, akanigeuzia karatasi. "Soma, halafu utie sahihi."

Nilisoma polepole. Kaka yangu kwenye karatasi anaonekana mtu mwingine. Hakuna mafuriko mle, hakuna mgongo. Ni jina, kijiji, na anachotaka kufanya.

Nikauliza atafungwa? Afisa akasema inategemea, kwanza watampigia chifu wa kule, watamwita, watamwonya. Akiendelea, ndiyo, ni kosa la jinai.

Nilikaa na kalamu. Mwalimu alitaka kusema neno, afisa akamzuia kwa mkono.

Nikatia.

Nilidhani tutarudi sote nyumbani. La. Afisa anasema kwangu si salama, viti vya basi viko kwa jina langu, na mume wangu yumo. Wamempeleka Habiba ng'ambo, Likoni, kwenye nyumba ya wasichana. Ukuta mrefu, lango la chuma. Mlinzi alifunga kwa kufuli mbele ya macho yetu. Habiba alikuwa upande wa ndani na begi lake. Hakuniaga. Alisema tu, "Na wewe pia umenifungia."

Nilivuka feri kurudi na dira la kijani mkononi. Alilikataa.

Jumanne, 8 Aprili

Basi limeondoka. Viti viwili vitupu.

Jilo alipiga kelele mpaka mtaa ukasikia. Hakunipiga. Alikusanya nguo zake, redio, na godoro la upande wake. Amekwenda kwa mke mdogo. Mlangoni akasema ndugu zangu watanitafuta wakiwa na haja ya kunizika tu.

Godoro langu limebaki katikati ya chumba. Linaonekana dogo.

Ijumaa, 11 Aprili

Bonaya amekuja.

Nilimwona kutoka mbali, kwa mwendo. Fimbo yake, shuka begani. Hakuingia. Aliketi nje kwenye ndoo niliyoipindua. Nilimpa maji, akayaweka chini. Nilimpa chai, akaiweka kando ya maji.

Chifu amemwita mbele ya watu. Yeye na Godana. Wameandikishana kwamba hakuna nikaha. Godana alisema yeye hataki mke wa mapolisi, heshima yake imechafuka. Alisema hayo kwa upole, Bonaya anasema. Akaenda nyumbani, akaweka miiba kwenye njia ya kisima.

"Ng'ombe wangu wanakwenda siku mbili kufuata maji mtoni," akasema. "Wawili wameanguka."

Nikasema kaka, nisamehe. Nikasema pia: nisingeweza kumpeleka. Yote mawili nilisema, na yote ni kweli.

Nikamwambia habari ya mtoto wangu, ya siku mbili zile za uchungu. Alikuwa anajua ilitokea, hakujua ilivyokuwa. Mambo hayo wanaume hawaelezwi. Alitazama chini muda wote. Nilipomaliza akasimama.

"Nimekuja kumchukua binti yangu," akasema. "Nakuta sina binti na sina dada."

Chai ilibaki pale. Sikuweza kuimwaga. Mpaka ilipoingiwa na nzi.

Jumapili, 13 Aprili

Nimekwenda Likoni. Wanaruhusu muda wa saa moja. Habiba amekonda. Wanawaamsha mapema, wanafagia, wanasali, wanakaa. Simu hawana. Hawatoki. Kuna msichana wa miaka kumi na miwili, mjamzito, anaruka kamba na wenzake.

Tulikaa kwenye mkeka. Sikujua pa kuanzia. Nikamwambia nilidanganya, siku yangu nililia, niling'oa mlango wa nyanya. Alinitazama kwa mara ya kwanza.

"Wote?" akauliza.

"Wote. Ulibaki mti mmoja."

Akacheka kidogo, kisha akalia, kisha hakuweza kunyamaza. Mlezi akaja kutazama, akarudi. Nilimshika mpaka saa ikaisha.

Alhamisi, 17 Aprili

Hawa amepiga tena. Ananong'ona haraka mpaka simuelewi. Bonaya anataka kusuluhisha na Godana. Godana ana mdogo wake wa kiume. Wanasema Zeinabu anaweza kuposwa sasa, achukuliwe baadaye akikua kidogo.

Akikua kidogo. Ana miaka kumi na mmoja. Bado ana pengo la jino.

Nikamwambia Hawa nitampigia afisa, leo hii. Akasema usipige. Nikasema nitapiga. Akasema, "Ukipiga watamfunga baba wa watoto wangu, na mimi nitakula nini?" Akakata. Nikampigia, simu haipatikani.

Nimekaa na namba ya afisa kwenye skrini. Nikipiga, naivunja nyumba ya Hawa. Nisipopiga, nimemwokoa mmoja kwa kumlipia mwingine. Hakuna mlango hapa. Kila upande ni ukuta, na kila ukuta una mtu wangu nyuma yake.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimepiga. Afisa anasema atawasiliana na chifu Jumanne, ofisi zimefungwa kwa Pasaka.

Jumanne! Posa ni jambo la alasiri moja.

Jumapili, 20 Aprili

Sijui kwa nini nilikwenda kwenye basi leo. Maziwa hayaji, najua hayaji. Miguu ilizoea. Basi likasimama, kondakta akaruka chini, akaniona, akasema, "Mama Maziwa, leo una mzigo."

Hawa akashuka. Nyuma yake Zeinabu, amefungwa leso ya mama yake kichwani, mchovu, viatu mkononi.

Hawa sijamwona mjini hata mara moja katika maisha yangu. Alishika mlango wa basi, akatazama magari, akashindwa kuuvuka mtaro. Nikamvuta mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi na jua lote lile.

Alitoka alfajiri na kibuyu kana kwamba anakwenda kukamua. Kibuyu amekiacha chini ya kichaka. Wametembea mpaka barabarani. Nauli ametoa hereni zake, masikio yako matupu.

Nikamwuliza, Bonaya anajua?

"Sasa hivi anajua," akasema.

Tukala ugali na maharagwe, kisha wakalala wote wawili kwenye godoro langu mchana kweupe. Mimi nilikaa mlangoni.

Jumatano, 23 Aprili

Afisa amekuja nyumbani, akatazama chumba, akauliza nani analala wapi. Jilo hayupo, hiyo imesaidia. Akaandika kwamba mama mzazi yupo. Habiba anaweza kurudi kwetu, wao watakuwa wanapita kuangalia. Bonaya ameonywa tena, kwa barua.

Hawa alisikiliza yote. Afisa alipoondoka akauliza, "Yule msichana ana mume?" Nikasema sijui. Akasema, "Hana. Nimeona." Akacheka peke yake, kwanza kidogo, kisha akaficha uso kwenye leso na si kicheko tena.

Ijumaa, 25 Aprili

Tumemleta Habiba. Alipomwona mama yake alisimama mbali. Hawa naye. Miaka saba wameonana mara chache, tena mbele za watu. Wakasalimiana kama wageni, "Shikamoo mama," "Marahaba." Zeinabu ndiye aliyekwenda kumrukia dada yake, na hapo wakaanguka wote.

Mimi na Hawa tumeanza kukaanga viazi na bajia pale nje. Hawa anaunguza. Anasema moto wa huku hautii.

Jumatatu, 28 Aprili

Shule zimefunguliwa. Habiba amekwenda. Mwalimu Mwanaisha amesema mdogo naye aletwe. Ataanza gredi ya pili na watoto wadogo kwake, maana kule alisoma kidogo sana. Zeinabu anasema hataki, atachekwa. Hawa akasema, "Chekwa." Akamfunga kifungo cha shati.

Hawa anamkumbuka mumewe. Hasemi, lakini najua. Anakaa ametazama upande wa kaskazini, ambako kuna ukuta wa jirani tu. Wanawe wawili wa kiume wamebaki na baba yao. Hatujui lini atawaona.

Jumatano, 30 Aprili

Alasiri, wasichana bado hawajarudi. Hawa amelala. Nimempigia Bonaya.

Nilidhani hatashika. Akashika. Nikasikia pumzi yake, na nyuma ng'ombe wanakohoa, na kitu kingine kinachopiga juu ya turubai, kwa wingi, bila kukata.

"Mvua," akasema mwishowe.

"Alhamdulillahi," nikasema.

"Tangu jana. Mabwawa yamejaa."

Nikangoja aulize habari za watoto. Hakuuliza. Lakini hakukata pia. Tulikaa hivyo, yeye kule na mimi huku, mpaka salio likaisha.